Mistari ya Bi Rula

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na wifi yako anakusalimu huku akimenya viazi. Sisi wazima. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwa salama, hata yale ya kunisema.

Msimu wa vyeti umeanza. Mwaka huu wahitimu ni mia tatu na kumi na wawili, na Mkuu wa Chuo bado ameshikilia kwamba majina yaandikwe kwa mkono. Vyuo vingine vilinunua mashine zamani. Yeye anasema mtu aliyesota darasani miaka mitatu anastahili kuandikwa jina na binadamu mwenzake. Mimi sibishi, maana huyo binadamu ndiye mimi, mwaka wa ishirini na tisa huu.

Ila kuna jambo linanikera. Unamkumbuka Bi Rula, yule mama wa meza ya pili? Kazi yetu ni ya watu wawili. Yeye anapiga mistari ya penseli kwenye karatasi ya cheti, myepesi kabisa, na mimi naandika jina juu yake kwa kalamu ya nibu. Wino unaachwa ukauke mpaka kesho yake. Kisha yeye anaifuta mistari kwa kifutio laini, na jina linabaki limesimama peke yake, huwezi kujua lilikuwa limeegemea nini. Miaka sita tumefanya hivyo bila kukwaruzana.

Wiki iliyopita Mkuu alirudisha vyeti vitatu. Majina yanaanza vizuri, halafu yanapanda juu na kusinyaa, herufi za mwisho hata mwenye jina hawezi kuzisoma. Karatasi zile zina namba, ukiharibu moja lazima utoe maelezo. Basi Mkuu akaniita. Nikamwambia mistari haikunyooka, na hakuna mwandishi anayeweza kuandika sawa juu ya mstari uliopinda. Mistari yenyewe imeshafutwa, kwa hiyo hakuna cha kuonyesha, lakini Mkuu ananijua. "Wewe sina shaka nawe," alisema.

Naishia hapa, mkono umechoka. Niombee msimu uishe salama.

Mdogo wako,
Kidole

*

14 Machi

Kidole mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Umeanza lini kuwa na mkono wa birika hata kwenye wino? Mstari wa kwanza unasomeka, wa tano unasinyaa, ukifika chini ya ukurasa ni sisimizi wanahama nyumba. Mwandiko huo baba alituchapa viganja mpaka tukaunyoosha, hukuununua wewe. Andika kama mtu aliyekula akashiba.

Tena unajua hali yangu. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo, sisikii hata neno, na zile jumbe za kubonyeza sizitaki, hazina uso wa mtu. Barua zako ndiyo sauti yako niliyobaki nayo. Usininong'oneze.

Kuhusu huyo Bi Rula, nakuomba usimlee. Miaka ishirini na tisa umejenga jina, halafu mtu alipake matope kwa uvivu wa rula? Mwandikie Mkuu barua rasmi, weka tarehe, weka sahihi. Mimi wodini, mkunga akizembea nilimwandika siku hiyo hiyo, na sikumwomba mtu radhi. Ndiyo maana magoti yaliponikatalia nikaondoka na heshima zangu zote, hakuna aliyewahi kuitilia kazi yangu shaka.

Mwambie wifi nimepata ule uzi wa rangi ya kahawia. Na mbona hujaniambia kama unakula vizuri? Kwenye picha mliyoleta umepungua, na umenuna kama umenyimwa kiti.

Dada yako

*

29 Machi

Dada mpendwa,

Nimefanya ulivyosema. Barua rasmi, tarehe, sahihi. Bi Rula amepewa onyo la maandishi, na kwa kuwa tangu hapo vimeharibika vyeti vingine vitano, suala lake limepelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Itakaa tarehe 28 Mei. Akionekana ana makosa, ataondolewa kazini.

Sikutegemea lifike huko. Lakini mtu mwenyewe naye hajisaidii. Ameanza vituko vipya: anapiga mistari miwili, mmoja wa chini na mmoja wa juu, kama daftari la watoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza, "Nani kakutuma?" Akasema, "Nilidhani itasaidia, Mzee." Mimi, wa kusaidiwa kuandika! Nikamwambia aache mara moja, na hilo nalo nimemwandikia Mkuu. Hagombi, hanuni waziwazi, anaendelea tu na rula yake. Ila hata chai siku hizi ananimiminia nusu kikombe. Hayo ndiyo mashindano yake.

Nilipita kwa daktari kidogo kwa ajili ya bega. Si la kukutia wasiwasi, ni kuinama sana. Na uso wa kwenye picha usiuhesabu, mpiga picha alitukawiza juani.

Kidole

*

10 Aprili

Wifi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa jikoni, yeye yuko kazini, na nikisikia lango karatasi hii inaingia kwenye debe la unga. Unisamehe mwandiko, mimi sikuchapwa viganja na baba yenu.

Mdogo wako anaumwa. Si bega. Bega ni la kuwaambia watu. Mwaka jana mwezi wa pili daktari alimwambia ana ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, wanauita Parkinson. Hauponi, wifi. Vidonge vinautuliza, tena kwa saa tu. Anameza saa moja asubuhi ili mkono ufunguke saa mbili, anaandika mpaka saa nne, kisha mkono unajifunga tena, naye anaendelea kuandika hivyo hivyo. Vifungo vya shati namfunga mimi. Akitembea anautia mkono wa kulia mfukoni ili watu wasiuone. Uso nao umekakamaa, akifurahi huwezi kujua mpaka akuambie.

Daktari alimpa barua ya kumpelekea mwajiri. Imesema achague moja: apunguziwe kazi, afanye nusu siku na asishike kalamu, au astaafu kwa sababu ya ugonjwa. Barua hiyo inatimiza mwaka na zaidi iko kwenye droo, chini ya kopo la nibu kuukuu. Kila nikimuuliza anasema, "Baada ya mahafali." Mahafali ya mwaka jana yalikuja yakapita, nikamkumbusha, akaniambia alimaanisha ya mwaka huu.

Juzi nilimkuta mezani anaandika jina lake mwenyewe, mara nyingi, karatasi nzima, na kila mara linaishia dogo. Aliponiona akaigeuza karatasi kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Nilijifanya nimekuja kuchukua sufuria.

Mimi hanisikilizi tena. Wewe anakuogopa. Mwambie, lakini nakuomba usiseme ni mimi niliyekuandikia.

Wifi yako

*

19 Aprili

Kidole,

Leo sikusalimu. Nimejua. Aliyeniambia ni yule anayekufunga vifungo, na ukithubutu kumnunia utanitambua mimi ni nani.

Nimezitoa barua zako za mwaka mzima nikazipanga mezani kwa tarehe. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne, nimeangalia miili ya watu tangu ujana wangu, na mwandiko wa mdogo wangu umenywea mbele yangu barua baada ya barua, nikafanya utani wa birika. Nimeona haya peke yangu hapa chumbani mpaka nikasimama nikafunga pazia.

Sasa nina swali moja, na sitaki hadithi. Mistari ya yule mama ilipinda?

Usiniambie kuhusu bega, wala mahafali, wala Mkuu alisema nini. Mimi ndiye niliyekuambia umwandike. Ile barua uliyompelekea Mkuu, mkono wangu umo ndani yake, kwa hiyo nina haki ya kujua nilikutuma ufanye nini.

Nijibu kwa mwandiko wako mwenyewe, uwe mdogo kiasi gani. Nimenunua kioo cha kukuzia.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Haikupinda.

Nililiandika neno hilo siku tatu zilizopita, kisha nikaiacha karatasi. Leo ndiyo nimerudi.

Mistari yake haijawahi kupinda hata mara moja. Yule mama akipiga mstari unaweza kuutegemea kuliko ukingo wa meza. Mimi ndiye ninayeuacha. Naanza jina vizuri, naona kabisa herufi ya kwanza imesimama, halafu mkono unaanza kujikunja wenyewe, na nikiulazimisha ndiyo unazidi. Naangalia jina la mtu linakufa mikononi mwangu na siwezi kulisaidia.

Sikupanga kumsingizia. Nakuapia. Mkuu aliponiuliza, neno lilinitoka kabla sijalitazama. Lakini lilipotoka, nikaona amenisadiki papo hapo, na nikafurahi. Hilo ndilo linanifanya nishindwe kujiangalia ninaponyoa ndevu. Nilifurahi, dada. Nilitoka ofisini kwake nikijihisi nimepona.

Baada ya hapo ikawa kila cheti kikiharibika naongeza uongo mwingine ili ule wa kwanza usimame. Barua rasmi uliyoniambia niiandike, ningeweza kukuambia ukweli nisiiandike. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa saa mbili asubuhi. Ilichukua siku mbili.

Na ile mistari miwili. Siku alizonipigia miwili hakuna cheti kilichorudi hata kimoja. Ule mstari wa juu unaniambia herufi zifike wapi, mkono unautii, sijui kwa nini. Nililiona hilo, nikamkataza kwa sababu nililiona. Kama ningeendelea kuandika vizuri kwenye mistari ya watoto, kila mtu angejua mimi ni nani sasa.

Wiki iliyopita Bi Rula hakuwepo siku moja. Nikajimiminia chai mwenyewe, kikombe kizima kama zamani, na kabla sijafika kwenye kiti nilikuwa nimejimwagia kifuani. Nikasimama pale na shati limelowa. Nusu kikombe hakimwagiki, dada. Miezi yote hiyo alikuwa ananimiminia nusu kwa sababu hiyo, nami nikakuandikia kwamba ananifanyia mashindano.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kulikuwa na karani mmoja hapa, mkono wake ulitetemeka, sijui kwa ugonjwa gani. Wakamwita Mzee Kilabu. Mpaka anaondoka waliamini ni pombe, na mimi nilicheka nao. Hata wasiponiita hivyo, sitaki kuwa yule mtu anayevutiwa kiti. Sitaki "pole, Mzee" korido nzima. Nikiacha kuandika, mimi nabaki nani pale? Watu wananijua kwa kitu kimoja tu.

Nimefikiria hivi. Majina yamebaki themanini. Kwenye kamati nitamwombea, nitasema ni makosa madogo, wamsimamishe kwa muda tu. Mahafali ni tarehe 20 Juni. Yakiisha, nitaitoa barua ya daktari, niombe ile nusu siku, na nitaeleza kila kitu polepole, naye atarudishwa. Wiki chache nyumbani hazitamdhuru.

Nikisoma maneno hayo naona yanavyonuka. Lakini ndivyo nilivyopanga. Usinichukie.

Kidole

*

13 Mei

Kidole mdogo wangu,

Nimesoma kwa kile kioo, neno moja moja. Sikuchukii. Ningependa nikuchukie, ingekuwa rahisi, ila nimekosa pa kusimamia.

Nitakuambia jambo ambalo hata marehemu shemeji yako hakuambiwa. Nilikuambia niliacha kazi kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima, jana tu nimepanda ngazi za zahanati bila kushika ukuta. Niliacha kwa sababu ya masikio.

Yalianza kuondoka miaka mitatu kabla sijastaafu. Unakijua kile kifaa cha mbao kilichokuwa kwenye mfuko wangu, kama tarumbeta ndogo, tunachokiweka kwenye tumbo la mama tukategea sikio moyo wa mtoto? Kwanza nilisikia kwa shida, nikawa nafunga macho ili nisikie vizuri, wanafunzi wakasema ni uzoefu. Kisha sikusikia kitu. Niliendelea kuinama, nikatega sikio, nikatazama saa ya mkononi kwa muda unaotakiwa, nikanyanyuka nikasema, "Mapigo mazuri." Na nikaandika namba, Kidole. Nilikuwa naandika mia na arobaini, kwa sababu ndiyo namba ambayo haimshtui mtu.

Siku moja alikuja mwalimu wa chekechea, mimba yake ya kwanza. Nilimsikiliza mara tatu. Mara tatu nikamwambia mapigo mazuri, akanishika mkono akatabasamu. Mtoto akatoka wa bluu, amelegea. Kilikuwepo kitu cha kusikia, na mtu mwenye masikio angekisikia mapema. Tulimhangaikia. Kulikuwa na saa ya ukutani juu ya mlango, niliitazama mpaka dakika ya sita ndipo alipolia, na hata hicho kilio nilikijua kwa kuangalia mdomo wake.

Mwezi huo huo nikaandika barua ya kustaafu. Magoti. Walinifanyia sherehe, wakanisifu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Yule mwalimu alikuja na mtoto wake kunishukuru, akaniwekea mikononi. Nikambeba, nikacheka, nikamrudishia. Dakika sita zinaweza kumwachia mtoto alama ya maisha, najua hilo kuliko wote waliokuwa mle ukumbini, na sikuuliza anaendeleaje. Sijauliza mpaka leo. Atakuwa na miaka minane. Sijui kama anakimbia, sijui kama anaongea.

Zawadi waliyonipa ilikuwa saa ya ukutani. Ipo hapa mbele yangu. Siisikii ikigonga.

Watu wote wanasema niliondoka kwa heshima. Heshima hiyo nimeivaa miaka minane kama nguo ya kuazima, kila siku naogopa mwenyewe atakuja kuidai. Halafu kwa heshima hiyo hiyo nikakupa wewe ushauri wa kumwandika mwenzio. Ndiyo maana sina uso wa kukukemea. Nakuomba tu.

Usingoje mahafali. Wewe una mtu wa kumwambia na una tarehe ya kumwambia. Mimi pia nilikuwa navyo, nikavikimbia, na havikurudi. Tarehe 28 barua ya daktari itoke kwenye ile droo. Ukitaka kupunguza kazi, punguza. Ukitaka kustaafu, staafu. Hilo mliamue wewe na wifi yangu, mimi sitii neno. Lakini lisipitie mgongoni kwa yule mama.

Na mimi nitamtafuta huyo mwalimu. Nimeliandika hapa ili unidai.

Dada yako

*

24 Mei

Mzee,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu tangu lile onyo huniangalii usoni, na nikianza kusema unafungua kitabu cha majina.

Nilijua tangu mwaka jana, siku ile uliposhindwa kufungua chupa ya wino ukasema mfuniko umeganda. Nikaifungua kwa vidole viwili. Nyumbani kwetu tulimuuguza mjomba wangu kwa maradhi kama hayo, najua mkono unavyokaa. Sikumwambia mtu. Nilisema siri ni ya mwenyewe, atasema mwenyewe akiwa tayari. Nikafanya nilichoweza kwenye meza yangu: chai nusu, chupa nazifungua kabla hujafika, na mistari miwili. Mjomba naye aliandika vizuri akiwa na mpaka wa juu.

Nilipopewa onyo nilifikiri utakuja uniambie. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi.

Onyo lenyewe si kitu kilichoniumiza sana. Nitakuambia kilichoniumiza. Kazi yangu naifuta kwa mkono wangu. Miaka sita nimepiga mistari maelfu na hakuna hata mmoja uliobaki popote. Mkuu hajawahi kuiona, wahitimu hawajui ilikuwepo. Mtu pekee duniani anayejua kama mistari yangu inanyooka ni wewe, uliyeandika juu yake. Shahidi wangu ni mmoja tu, na ndiye aliyenishtaki.

Tarehe 28 wataniuliza kama mistari ilinyooka. Nitasema ilinyooka. Wakiniuliza basi tatizo ni nini, nitasema wamuulize mwandishi. Ugonjwa wako sitautaja, hata wakinifukuza. Usidhani ni kwa ajili ya wema. Si wangu kuutaja.

Vyeti vya kesho nimeviacha kwenye kasha, vimeshapigwa mistari. Mmoja mmoja, kama ulivyoagiza.

Wa meza ya pili

*

5 Juni

Dada yangu mpendwa,

Nimesema.

Sikusema vizuri, usije ukanichora kichwani kama shujaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini ugonjwa huu unakula hata sauti, na mwenyekiti akaniambia mara mbili, "Ongeza sauti, Mzee, hatukusikii." Ungekuwepo tungekuwa wawili. Nikaona kwa hali ile hotuba sitaiweza. Nikaiweka barua ya daktari mezani, nikasema mistari ilinyooka yote, mimi ndiye niliyeshindwa kuifuata, na nilijua.

Mkuu aliiangalia tarehe ya barua, akaisoma kwa sauti, akahesabu miezi kwa vidole. Kisha akaniuliza, "Na hii uliyoniandikia Machi?" Nikasema, "Ni uongo." Hakuna aliyenigombeza. Bora wangenigombeza. Waliangalia makaratasi yao, na Bi Rula alikuwa anaangalia mikono yake.

Halafu Mkuu akafanya kile nilichokuwa nakiomba moyoni. Akasema maradhi si kosa, na uongo wangu wataushughulikia kwa karipio, lakini mtu wa miaka ishirini na tisa hatupwi. Akapendekeza nibaki nusu siku, nikae kwenye meza yangu nihakiki majina, mtu mwingine aandike. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru. Mwenyekiti, kwa kufuata utaratibu tu, akamuuliza Bi Rula kama ana neno.

Akasema, "Namtakia afya njema, na simwombei mabaya. Lakini akae nyumbani. Siwezi kupiga mistari huku nikichunga mgongo wangu."

Dada, nimewahi kuanguka sokoni mbele ya watu, nimewahi kujimwagia chai, nimewahi kufungwa vifungo mlangoni wakati jirani anapita. Haya yote ukiyajumlisha hayafikii pale. Kwa sababu alikuwa na haki, na kila mtu mle ndani alijua ana haki, na hakupandisha hata sauti. Nikaomba karatasi ya kustaafu nikaijaza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo lile swali lililonizungusha mwaka mzima, nipunguze au niache, sikulijibu mimi. Lilijibiwa na mtu niliyemkosea.

Majina yaliyobaki anayaandika Bi Rula mwenyewe. Wifi yako aliyaona alipokwenda kunichukulia vitu vyangu. Anasema mwandiko ni mzito kidogo, lakini unasomeka toka mlangoni. Kumbe siku zote aliweza.

Lilibaki jambo moja. Onyo lake limefutwa, ila Mkuu alitaka kwenye faili lake iwemo barua yangu ya kukanusha, kwa mkono wangu. Nilijaribu siku ya kwanza, nikaharibu karatasi sita. Kila nikifika kwenye neno "nilimsingizia" linakuwa dogo kiasi kwamba linaonekana kama bado nalificha. Siku ya pili wifi yako alirudi kutoka chuoni na bahasha. Ndani mna karatasi nne, zimepigwa mistari miwili miwili kutoka juu mpaka chini. Hakuna barua, hakuna salamu.

Nikaandika juu ya hizo. Moja ilitosha. Kila neno lilisimama, hata lile.

Nilimpelekea mwenyewe. Alikuwa mezani, hakuniambia nikae. Nikamuuliza kama niiache ikauke mpaka kesho, ndipo aifute mistari kama kawaida yetu. Aliisoma yote kwanza. Kisha akasema, "Hii isifutwe," akaitia kwenye faili.

Hajanisamehe, na sikumuuliza. Naamka asubuhi, nameza vidonge, natembea mpaka mwisho wa barabara mkono ukiwa nje ya mfuko. Jirani ameniuliza, nikamwambia jina la ugonjwa. Akasema pole. Nimeimeza.

Na wewe, umempata yule mwalimu? Uliniambia nikudai, basi nakudai. Ukishajua, lolote liwalo, niandikie siku hiyo hiyo.

Barua hii iko kwenye zile karatasi tatu zilizobaki. Weka kioo pembeni, utanisoma kwa macho yako. Usiifute mistari ya penseli. Isogeze kwenye mwanga wa dirisha uitazame vizuri, maana nilikuandikia kinyume chake na hukuwa na njia ya kujua. Itazame yote, toka mwanzo mpaka mwisho wa ukurasa. Imenyooka.

Mdogo wako,
Kidole